Ncha ya tuta la theluji hutazama wapi?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma jiografia Kanada. Mwezi wa nne nitakwenda Igloolik, Nunavut, pamoja na kikundi cha mhadhiri wetu kuchunguza matuta ya theluji yanayochongwa na upepo, yale yanayoitwa sastrugi. Kazi yangu ni kupima mwelekeo wake. Nimepewa picha za mwaka jana nijizoeze nazo, na hapo ndipo nilipokwama, mbili nimeziambatanisha. Nyumbani tulipelekwa kuona mchanga unaohama karibu na Olduvai, tukafundishwa kwamba pembe zake huelekea kule upepo unakokwenda. Nikitumia kanuni hiyo kwenye picha hizi, napata upepo wa kusini mashariki. Mwenzangu anasema nimegeuza, unatoka kaskazini magharibi. Picha nyingine zina matuta yanayokatana, wala sijui nifuate yapi. Tena tumeambiwa wawindaji wa huko hushika njia kwa matuta haya hata wasipoona mbele. Je, yanaaminika kiasi hicho, au nishikilie dira na GPS yangu? Nisifiche, naogopa kupotea."*

Marahaba, mwanangu. Nianze na ubishi wenu ili uishe: mwenzako amepatia. Kwenye picha zote mbili ulizonitumia, upepo uliochonga matuta yale ulitoka kaskazini magharibi. Hata hivyo usiitupe kanuni ya Olduvai. Ni kanuni ya kweli, ila ni ya tuta la aina nyingine, na ukishajua kwa nini haifai hapa, nusu ya kazi yako ya Aprili utakuwa umeimaliza ukiwa bado mezani.

Turudi kidogo kule Ngorongoro. Ule mchanga ni majivu meusi ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Huenda aliyewaongoza aliwaonyesha punje zake zikivutwa na sumaku. Pamoja na hayo, ukichota konzi inamiminika yote. Upepo huzipandisha punje kwenye mgongo wenye mteremko wa taratibu, zikifika kileleni zinaporomoka upande wa pili ulio mkali, na tuta zima linasogea kuelekea magharibi kwa kiasi cha mita 15 hadi 17 kwa mwaka. Pembeni mchanga ni haba kuliko katikati, na kilicho kidogo husukumika upesi. Kwa hiyo pembe zinatangulia, tumbo linabaki nyuma, na unapata umbo la mwezi mwandamo ambalo wanajiografia huliita barkani. Pembe mbele, mgongo nyuma. Shika neno moja hapo: mchanga ule umerundikwa. Hakuna kilichochongwa.

Theluji nayo huanza hivyohivyo, na ndiyo maana watu wengi hudanganyika. Theluji kavu hung'oka na kuanza kusafiri upepo unapofika mahali fulani kati ya mita 4 na 11 kwa sekunde, kutegemea baridi ilivyo na jinsi chembe zilivyokwisha kushikana. Chembe nyingi haziruki juu. Zinarukaruka sentimita chache kutoka chini, kila inayoanguka inagonga nyingine nayo inaruka. Ukisimama katikati ya dhoruba ya namna hiyo utaona viwimbi, utaona mistari ya theluji ikitambaa, na mara nyingine utaona barkani ndogo nyeupe zenye pembe mbele, zikisogea huku unazitazama. Hizo zinaitii kanuni yako neno kwa neno. Ukizikuta asubuhi, bado laini kiasi kwamba ngumi inazama, zisome kama ulivyofundishwa.

Tofauti inaingia upepo unapotulia. Mchanga ukitulia unabaki kuwa mchanga. Theluji ikitulia inajiunga. Hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, barafu haiko mbali na kiwango chake cha kuyeyuka, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya mchanga. Molekuli zake hazitulii: zinatambaa juu ya uso wa chembe, nyingine zinageuka mvuke na kuganda tena jirani, na pale chembe mbili zinapogusana inajengeka shingo ndogo ya barafu. Kumbuka pia kwamba chembe zilizobebwa na dhoruba zimevunjwavunjwa zikawa ndogo na zimejipanga kwa kubanana, hivyo mahali pa kugusana ni pengi mno. Saa chache zinatosha kulifanya rundo kuwa bamba. Theluji iliyoanguka bila upepo huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo. Ile iliyopigwa na upepo hufika 350 hadi 450, na mtu mzima anaweza kutembea juu yake bila kuacha alama ya kiatu.

Sasa upepo mwingine mkali ukija, haukuti tena kitu cha kurundika. Unakuta kitu cha kuchonga.

Hapa nikuombe usome polepole, maana ndipo jibu lako lilipo. Bamba la theluji haliko sawa kila mahali. Lina sehemu ngumu na sehemu dhaifu, lina tabaka zilizowekwa na dhoruba tofauti. Upepo unaanzia penye udhaifu, unatoboa kishimo, kishimo kinarefuka kufuata upepo na kuwa mfereji. Mifereji miwili ikichimbika sambamba, kilichobaki katikati ni tuta jembamba lililolala kwenye mstari wa upepo. Uso wake wa mbele, ule unaokabiliana na upepo, unapigwa mfululizo na chembe zinazorukaruka. Na kwa kuwa chembe hizo zimejaa zaidi karibu na chini, kipigo kikubwa kinatua kwenye shingo ya tuta kuliko kwenye paji. Tuta linaliwa kwa chini. Tabaka gumu la juu linabaki limejitokeza, limeinuka, likichungulia kule upepo unakotoka. Nyuma yake, mahali palipokingwa, theluji inashuka taratibu na kumalizikia ardhini kama mkia.

Kwa hiyo sastrugi ina pua na mkia. Pua ni kali, imesimama, mara nyingi ina uvungu chini yake, nayo hutazama upepo unakotoka. Mkia ni mrefu, umelala, huelekea upepo unakokwenda. Wewe uliona ncha zilizochongoka ukaziita pembe, ukazipeleka mbele ya upepo. Ndivyo ulivyopata kusini mashariki. Tazama tena picha yako ya kwanza, lile tuta la kushoto lenye kivuli: kivuli kile ni cha uvungu. Barkani haina uvungu. Ukiona ncha ambayo unaweza kuingiza vidole vya glavu chini yake, hilo limechongwa, na upepo ulikuja kwa upande huo.

Kuna mtego mmoja. Pua hazidumu. Jua la mchipuko linazilegeza, theluji inageuka mvuke bila kupitia maji, kingo zinaviringika, nyingine zinavunjika zikaanguka mbele yake. Tuta la umri huo bado linakupa mstari, lakini haliwezi kukuambia upepo ulitoka upande upi wa mstari huo. Usilazimishe. Kwenye daftari lako weka safu mbili tofauti: moja ya matuta yenye pua unayoiona kwa macho, ambayo mwelekeo wake utauandika kutoka 0 hadi 360, nyingine ya matuta yenye mhimili tu, ambayo utayaandika kutoka 0 hadi 180. Nimeona data nzuri ikiharibika kwa sababu mtu alijaza pua kwa kubahatisha, halafu mwisho wa msimu hakuna aliyeweza kutenganisha alichokiona na alichokidhania.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kwetu, niongeze hili. Ukiwahi kupanda Kilimanjaro ukaona kwenye barafu ya Kibo visu vya barafu vilivyosimama wima kwa safu, usivichanganye na sastrugi. Vile ni kazi ya jua na hewa kavu. Mashimo kati ya visu hurudishiana mwanga yakazidi kuchimbika, na safu zake hujipanga kufuata njia ya jua. Upepo haukuvichonga.

Matuta yanayokatana ni hadithi ya dhoruba zaidi ya moja. Watu hudhani sastrugi inaonyesha upepo unaovuma leo, kisha wanashangaa wakihisi upepo shavuni kutoka upande mwingine kabisa. Upepo wa leo ukiwa dhaifu, hauwezi hata kung'oa chembe moja ya bamba gumu. Tuta linahifadhi habari za upepo uliokuwa na nguvu ya kulichonga, siku au wiki zilizopita. Upepo mkali ukishika mwelekeo mpya bila kuyumba, saa kama 12 zaweza kutosha kuanza kuyageuza matuta yalingane nao. Ukidhoofika kabla ya hapo, unaacha michubuko tu juu ya matuta ya zamani. Hicho ndicho ulichokiona.

Kujua lipi lilitangulia si kazi ngumu ukiwa pale penyewe. Tafuta mahali mistari miwili inapokutana. Mfereji unaopita moja kwa moja bila kukatizwa ndio mpya. Uliokatwa ndio wa zamani. Halafu tumia mkono. Kuna kipimo rahisi ambacho watu wa theluji hukitumia kila siku: unasukuma kwenye uso wa tuta, bila kutumia nguvu nyingi, kwanza ngumi, ikigoma vidole vinne, vikigoma kidole kimoja, kikigoma ncha ya penseli, ikigoma kisu. Unaandika kile cha kwanza kilichoingia. Rundo la jana litapokea ngumi au vidole vinne. Sastrugi iliyokomaa kwa kawaida inahitaji penseli au kisu. Picha haziwezi kukupa hilo, kwa hiyo kwa zile zinazokatana muulize mhadhiri wako kama kuna maandishi ya ugumu yaliyochukuliwa siku ileile. Kama hayapo, andika mielekeo yote miwili na usichague.

Lipi ulifuate basi? Inategemea unatafuta nini. Mkitaka kujua pepo zenye nguvu za msimu mzima, pimeni matuta makubwa na magumu. Mkitaka kujua dhoruba ya mwisho, pimeni michongo midogo iliyo juu yake. Ukiyatia yote kwenye kapu moja utapata wastani wa upepo ambao haukuwahi kuvuma.

Nije kwenye swali lako la imani. Yanaaminika kiasi gani? Jibu linategemea uko wapi. Kwenye nyanda za juu za Antaktika, hewa iliyopoa juu ya barafu inakuwa nzito na kuteremka kutoka katikati ya bara kuelekea pwani, huku mzunguko wa dunia ukiipinda kushoto. Mteremko hauhami, kwa hiyo na upepo nao hauhami sana. Kule sastrugi zimekuwa ramani: watafiti walisoma mielekeo yake kwenye picha zilizopigwa kutoka angani, sehemu ambazo hapakuwa na kituo cha hali ya hewa hata kimoja, na hesabu za kompyuta za miaka ya 1980 juu ya pepo za bara lile zilipowekwa kando ya mistari hiyo, zilishabihiana vizuri. Kundi la mvumbuzi Douglas Mawson, lililokuwa Antaktika kuanzia 1911 hadi 1914, lilifanya baadhi ya safari zake karibu na ncha ya sumaku ya kusini ambako dira haikuwa na maana, likashika njia kwa jua na kwa pembe ambayo sleji zao, yaani vyombo vya kuburuta mizigo juu ya theluji, zilikata sastrugi.

Igloolik ni habari nyingine. Utakuwa juu ya barafu ya bahari na visiwa, na dhoruba huko hazitoki upande mmoja tu. Ila kuna upepo mmoja unaotawala uchongaji, nao wenyeji wanaufahamu kuliko mimi na wewe. Wainuiti wa eneo hilo wanauita Uangnaq, nao unatoka magharibi kuelekea kaskazini magharibi. Tuta unalochonga wanaliita uqaluraq, na yakiwa mengi uqalurait: gumu, lenye umbo la ulimi, ncha yake imeinuka kidogo na inautazama upepo huo. Upande wa pili, mashariki kuelekea kusini mashariki, hutoka upepo mwingine, Nigiq. Ukiyaweka hayo kando ya picha zako utaona kwamba jibu la mwenzako lilikuwa linajulikana Igloolik kabla sisi wa vyuoni hatujafika na madaftari yetu.

Wawindaji hawalifuati tuta kama mtu afuatavyo barabara. Wanaangalia pembe. Mtu anayetoka kijijini anajua kwamba kwenda anakokwenda lazima ayakate matuta kwa mshazari fulani, na mradi mshazari huo haubadiliki, yuko kwenye njia. Giza likiingia au weupe ukiziba kila kitu, anayahisi chini ya mguu au chini ya sleji. Wala hategemei hayo peke yake. Anayalinganisha na umbo la pwani, nyota na upepo wenyewe. Na anajua mahali yanapodanganya, jambo ambalo mgeni hajui: karibu na kilima au mdomo wa ghuba upepo hupinda, na matuta hupinda nao. Theluji mpya ya kimya kimya inaweza kuyafunika yote usiku mmoja. Hiyo ndiyo sababu sitakuambia kwamba ukiisoma makala hii unaweza kushika njia kwa sastrugi. Huwezi. Unaweza kuzipima. Kushika njia ni elimu ya miaka ukiwa nyuma ya mzee anayeijua ardhi yake.

Dira yako iache ipumzike. Igloolik iko karibu mno na eneo ambalo nguvu ya sumaku ya dunia inazama karibu wima kuelekea ardhini. Mwaka 1831 mvumbuzi James Clark Ross aliikuta ncha ya sumaku ya kaskazini kwenye rasi ya Boothia, magharibi ya huko, na ingawa imehama mbali tangu wakati ule, sindano bado ni nzito na inayumba. Dira inayosuasua haifai kupimia kitu ambacho unataka ukijue kwa nyuzi chache.

GPS ni nzuri, lakini nayo ina adabu zake. Ukisimama mahali pamoja haijui unatazama wapi, hata kama kioo kinakuonyesha mshale. Inajua ulipo, na inajua ulikotoka. Kwa hiyo mpeleke mwenzako mbele kwa mstari ulio sambamba na tuta, si chini ya mita 100, chukua nukta mwanzo na mwisho, kisha kokotoa mwelekeo kati ya nukta hizo. Kifaa kikikosea mita 5 kwa pembeni katika mita 100, umekosea nyuzi 3 hivi. Kikikosea hizohizo katika mita 20, umekosea nyuzi 14, na hapo umebahatisha kwa gharama kubwa. Jua likiwa wazi, tumia na jua: kivuli cha fimbo iliyosimama wima pamoja na saa kamili iliyoandikwa vinatosha kukokotoa kaskazini ya kweli, na ni ushahidi mzuri wa kulinganisha na GPS.

Kwenye hesabu, jihadhari na wastani. Tuta moja likielekea nyuzi 350 na jingine nyuzi 10, ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 180, yaani kusini, ilhali yote mawili yanatazama kaskazini. Mielekeo inajumlishwa kwa sini na kosini, siyo kama bei za sokoni. Pima matuta mengi kila kituo, angalau 20 au 30, yachague bila upendeleo, kwa mfano lile lililo karibu zaidi na kila hatua ya kumi kwenye mstari uliouweka. Usipofanya hivyo mguu wenyewe utakupeleka kwa yale mazuri ya kupiga picha. Kila picha iwe na rula au fimbo yenye alama, na uandike kamera ilitazama wapi, kwa sababu picha ya theluji isiyo na mwelekeo haina kaskazini. Piga jua likiwa chini na limetoka upande. Mchana wa mawingu matuta yanapotea kwenye picha kama yanavyopotea machoni. Andika kwa penseli, wino huganda. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Usitegemee pia kwamba matuta yatakuwa sawa njia nzima. Kapteni Scott, mvumbuzi Mwingereza, na wenzake wanne, wakikaribia ncha ya kusini Januari 1912, waliamua kuziacha ski zao, zile mbao za kutelezea, kwa sababu sastrugi zilikuwa mbaya mno. Asubuhi ya tarehe 7 walitembea kama maili moja, matuta yakaisha, wakasimama wakajadiliana, wakarudi kuzichukua. Iliwagharimu karibu saa moja na nusu, na nguvu ambazo hawakuwa nazo za kupoteza. Mashamba ya sastrugi huanza na kuisha ghafla. Nyingi ni za sentimita 10 hadi 50, lakini Antaktika zipo zinazopita mita moja.

Hilo linanileta kwenye hofu yako, ambayo naiheshimu. Kupotea si hatari yako kubwa, kwa kuwa hutakwenda peke yako. Na kama ratiba yenu ina hata siku moja inayokutaka utoke kijijini bila mwenyeji mzoefu, ikatae, na umwambie mhadhiri kwamba nimekushauri hivyo. Eneo lile lina dubu wa nchi za baridi, na kuwalinda wageni dhidi yake ni kazi ya mtu aliyeizoea.

Hatari iliyo karibu zaidi ni kuyagonga matuta yenyewe. Pikipiki ya theluji ikienda kasi kwenye weupe usio na kivuli, dereva haoni tuta la nusu mita mpaka limemrusha, na anapotua, uti wa mgongo ndio unaobeba. Sleji za Wainuiti, qamutiik, hufungwa kwa kamba badala ya misumari ili zijinyonge zinapopita kwenye matuta. Mgongo wa binadamu hauna ufundi huo. Ukiwa abiria, simama kidogo kwa magoti yaliyokunjwa, na usione haya kumwambia dereva apunguze. Mtu aliyeanguka vibaya akilalamika mgongo au miguu kufa ganzi, asiinuliwe wala kuzungushwa. Mwongozaji aite msaada kwa simu ya setilaiti au redio.

Kisha barafu. Sastrugi haikuambii lolote juu ya unene wa barafu iliyo chini yake. Wapo wanaoamini kwamba theluji ngumu juu ni dalili ya barafu nene chini. Kinyume chake kinawezekana, maana theluji nene ni blanketi, inazuia baridi ya hewa kufika kwenye maji, na barafu iliyo chini yake hukua polepole. Swali la kama barafu itabeba ni la mwenyeji, na neno lake halijadiliwi.

Weupe ukiwaziba, simameni. Kaeni pamoja, pindueni sleji iwe kinga ya upepo, kuleni kitu, subirini. Macho yako yalinde kwa miwani ya jua inayoziba hadi pembeni hata siku ya mawingu. Jicho lililoungua na mwanga wa theluji huanza kuuma saa kadhaa baadaye, kama lina mchanga, na hapo unahitaji chumba chenye giza na mhudumu wa afya. Ngozi ikiwa nyeupe na imekufa ganzi, usiisugue wala usiipake theluji. Ipashe joto kwa kiganja au kwapa, na kama hisia hazirudi upesi, au malengelenge yanatokea, mwende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenzako akianza kujikwaa, kuongea kwa ulimi mzito au kusema hasikii tena baridi, kazi ya siku imekwisha. Mkaushe, mfunike, mpe kitu cha moto cha kunywa kama anameza vizuri, na mrudini.

Kabla hujasafiri, zipitie upya zile picha za mwaka jana wewe na mwenzako, kila mmoja peke yake, bila kuonana majibu. Wekeni alama kwenye kila tuta: pua inaonekana, mhimili tu, au haisomeki. Mkilinganisha mtajua mnatofautiana nyuzi ngapi, na idadi hiyo iandikeni kwenye ripoti, kwa sababu mhadhiri wenu ataiuliza.